Makofi Mawili Niliyoyahisi Mkononi

Nimekosa. Naanza hivyo ili msinionee huruma mapema, maana nina uso wa kuonewa huruma, na uso huo umenisaidia kuficha jambo hili kwa miezi minne.

Nimemuua mtani wangu. Sikumchukia hata siku moja. Nilimuua mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, na kijiji kizima kilikuwa kinacheka. Na mimi nilikuwa nacheka, jamani! Nilikuwa nacheka!

Jina langu silitaji. La kwake nimelibadilisha, humu nitamwita Masima. Waliokuwapo siku ile watatujua wote wawili, na sasa wajue na lile ambalo hawakuliona.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mmoja, Mnyamwezi, nimeishia darasa la saba. Kijiji chetu cha ujamaa kiko kando ya reli, upande wa Kaliua, na kazi yetu ni tumbaku. Lakini moyo wangu haukuwa kwenye tumbaku. Moyo wangu ulikuwa polisi. Loo, nilivyoitaka kazi ile! Kaptula yangu ya kaki nilikuwa naikunja ingali mbichi kidogo na kuilaza chini ya godoro, ili iamke na mstari. Treni ya Kigoma ikipita naipigia saluti, abiria wananicheka madirishani nami nacheka nao. Ndani ya bani letu la kukaushia tumbaku nimeandika ukutani kwa mkaa: KONSTEBO, na jina langu. Mpaka leo liko pale.

Basi mafunzo ya mgambo yalipokuja kijijini, nilijiandikisha wa kwanza, kabla hata karani hajakaa vizuri kwenye kiti.

Tuliletewa sajini kutoka jeshini, mtu mfupi, mkavu kama ukuni, hacheki. Siku ya kwanza alituambia kwamba vijana wawili watakaofanya vizuri, majina yao yatapelekwa wilayani kwenye orodha ya watakaoingia polisi. Wawili tu! Nilikesha natafakari yule wa pili atakuwa nani, maana wa kwanza nilishamjua.

Wiki ya tano akatufundisha kabari, yaani kumdhibiti mtu kwa kumkaba shingo kutoka nyuma. Nataka niseme haki: Sajini hakutufundisha ovyo. Alitukalisha chini kwanza, akajigusa shingo yake.

"Mnaiona fupi hii," akasema. "Lakini ndani kuna njia tatu. Ya hewa, ya damu na ya kaburini. Zimekaa karibu karibu kama reli zinapoachana pale Kaliua. Mkono ukiteleza kidogo tu, umeshaipeleka treni Mpanda wakati abiria alikata tikiti ya Kigoma."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Sasa afande, mtu atajuaje kwamba ameteleza?" mwenzetu mmoja akauliza.

"Hatajua. Ndiyo maana kuna sheria."

Nazikumbuka kama Baba Yetu. Ukipigwa makofi mawili mkononi, unaachia palepale, hata kama anayekupiga ni mwizi wa ng'ombe wa baba yako. Mtu akilegea, unaachia, unamlaza ubavu, unampeleka zahanati hata akisimama akacheza ngoma, na mimi Sajini napewa taarifa siku hiyohiyo. Na kabari haitoki nje ya uwanja.

"Atakayeitoa nje kwa mchezo, nitalifuta jina lake mwenyewe," akasema, akachomoa kalamu mfukoni akatuonyesha. "Kwa kalamu hii."

Tulifanyiana sisi kwa sisi. Zamu yangu ya kukabwa ilipofika, niliona ajabu. Haikuuma sana. Masikio yaliziba kama niko chini ya maji, na mwanga ukaanza kufunga kutoka pembeni, kama mtu anakaza kamba ya mdomo wa gunia na mimi niko ndani. Nikapiga makofi mawili. Nikaachiwa. Dunia ikarudi na kelele zake.

Kwa hiyo msiseme sikujua. Nilijua mtu anaona nini mle ndani ya gunia.

Sasa nimlete Masima. Alikuwa Mgogo, umri kama wa baba yangu, fundi wa gengi la reli, kikosi cha kutengeneza njia ya treni. Alikaa kwetu miaka mingi mpaka Kinyamwezi chake kikawa kizuri kuliko cha watoto wetu. Mkewe, Mama Ester, ni Mnyamwezi mwenzetu kutoka upande wa Ziba.

Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kichwani kwenda pwani, na walipopita Ugogo walitozwa hongo, yaani ushuru wa njia na wa kunywa maji. Ugomvi ule ukageuka mzaha, mzaha ukawa sheria. Mtani akichukua jogoo wako humshitaki. Akikutukana unacheka. Na msibani watani ndio wenye kazi: wanawachekesha wafiwa, wanamwiga marehemu, wanazuia maziko mpaka wapewe chochote.

Kazi ya Masima msibani ilikuwa kufa. Kila Mnyamwezi akifariki, yeye anafika kabla ya maiti, anajilaza kando ya kaburi, macho meupe, ulimi nje, miguu inatetemeka. "Nimewahi mimi!" anasema. "Huyu wenu mtafutieni pengine." Haamki mpaka apewe kuku au kata ya wanzuki, pombe yetu ya asali. Babu yangu alipofariki, mama yangu alikaa siku mbili hajatia kitu kinywani. Masima akaja, akafa vizuri kuliko siku zote. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaomba ugali. Siku ile nilimpenda mzee yule kama nilivyompenda babu.

Mimi aliniita mpagazi. Nami nilimwita mla hongo. Hatukuwahi kusalimiana vingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa tumemaliza palizi ya shamba la kijiji, watu wamekaa karibu na bani kubwa, akina mama wanagawa wanzuki. Sajini alikuwa amekwenda Kaliua. Masima akaja anatembea juu ya mataruma ya reli, nyundo begani.

"Mwangaluka, mpagazi!"

"Mla hongo! Hujafa tu?"

"Nife mara ngapi? Nasikia wewe sasa ni askari. Unamlinda nani? Juzi nimepita kwenu na jogoo kwapani, ukanipigia saluti!"

Watu wakaangua kicheko. Ilikuwa kweli kwa sehemu, ila saluti ile niliipigia treni.

"Ningekukamata," nikasema.

"Kwa mikono hiyo ya kubebea pembe? Babu yako alipita kwetu analia maji kama ndama. Tukampa. Tukamwambia, usilie, mwanamume, mizigo hii ndiyo shule yenu!"

"Mwonyeshe kabari!" mgambo mwenzangu akapiga kelele.

"Anionyeshe, anionyeshe," Masima akasema, akaweka nyundo chini. "Si nawatazama kutoka relini kila siku mnavyokumbatiana kama maharusi? Dawa yake naijua. Unampiga makofi mawili, anakuachia. Askari gani wa kuachia! Jambazi akisikia hivyo si atacheka mpaka aibe na kofia yako?"

Nami nikanyanyuka. Sikukumbuka kalamu ya Sajini. Au nilikumbuka, nikaiweka kando kama mtu anavyoiweka kando kata ili ashike vizuri kwa mikono miwili. Nikamzunguka, nikamkaba.

"Nakufa!" akapiga kelele. "Mpagazi kaniua! Mwambieni mke wangu lile jembe nililoazima silirudishi!"

Kicheko! Mpaka wazee walioketi kwenye magunia walikuwa wanajipiga mapaja. Naye akajipindua ili atoke, maana alikuwa na nguvu za gengi. Mkono wangu ukateleza. Kuna kitu upande wa kushoto wa shingo yake nikakisikia kinasogea chini ya mkono wangu, kama kamba inayoponyoka.

Kisha akanipiga makofi mawili.

Hayakuwa ya mzaha. Yalikuwa madogo, ya haraka, ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua. Nayaandika hapa, wasomaji, kwa sababu miezi minne nimejiambia sikuyasikia, na Masima mwenyewe nilimwambia nilidhani anatania. Niliyahisi. Niliyaelewa. Na nikakaza.

Mnaniuliza kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wanacheka, na safari hii kicheko kilikuwa changu. Miaka yote mwenye kuchekesha alikuwa yeye. Nikataka kidogo tu, pumzi tatu, nne. Basi! Kwa hizo tu!

Akalegea.

"Kafa! Masima kafa tena!"

Nikamlaza chini, nikasimama juu yake nikapiga saluti. Akina mama wakaanza kilio cha mzaha, "Yoo, nani atatulia kuku zetu!" Mama Ester mwenyewe akaja anacheka, akavua kanga ya begani akamfunika usoni.

"Mpeni wanzuki aamke," akasema, "nina kuni za kupasua nyumbani!"

Wakaleta kata, wakaisogeza puani pake. Hakuamka. Miguu ikaanza kutetemeka.

"Tazameni miguu leo! Leo kazidisha!"

"Huyu mzee angezaliwa mjini angeonyeshwa kwa tikiti!"

Mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Nikaona kaptula yake inalowa. Masima alikufa mara nyingi maishani mwake, lakini hakuwahi kufa akajikojolea. Kicheko kikaniganda mdomoni. Nilitaka kusema, "Jamani, nyamazeni." Sikusema.

Kisha akavuta pumzi kwa mlio, kanga ikaingia mdomoni ikatoka. Akafumbua macho. Yalitangatanga kwanza, hayakujua pa kutua. Yakanipata mimi.

"Nimefika kwenu," akasema, kwa sauti kama mtu anaburuza bati. "Nimewakuta babu zenu. Bado wamebeba mizigo."

Watu walianguka chini kwa kucheka. Masima akajifunga kanga ya mkewe kiunoni, kama kwamba ni sehemu ya mchezo, ili wasione kaptula. Mimi tu ndiye niliyejua kwa nini.

Nilimfuata njiani. Alikuwa anatembea ameshika shingo.

"Inaniuma, mpagazi," akasema. "Mbona hukuachia nilipokupiga makofi?"

"Nilidhani unatania, mzee."

Zahanati ilikuwa pale, hatua chache kutoka njia panda, mlango wazi, Bwana Mganga amekaa barazani anachambua mchele. Sheria ilisema nimpeleke hata akicheza ngoma. Badala yake, sikieni nilichosema mimi!

"Usimwambie Sajini, mzee wangu. Atalifuta jina langu."

Akacheka kidogo, akashika koo tena kwa maumivu.

"Mtani hamshitaki mtani," akasema. "Nenda kawe askari. Siku moja unikamate vizuri."

Tukaipita zahanati.

Jumapili kichwa kilimuuma upande mmoja, upande wa kushoto. Jumatatu kope ya jicho la kushoto ikashuka nusu. Unajua watu walisemaje? Walisema anakonyeza! Wasichana kisimani wakawa wanakimbia wanacheka, "Mzee Masima anatukonyeza!" Naye akawaitikia, "Mtu akifa akirudi, lazima arudi na jambo." Nilikuwepo. Nilicheka nao.

Jumanne asubuhi, kwenye gengi, nyundo ilimtoka mkono wa kulia. Akainama aiokote, mkono haukutii. Akataka kuwaambia wenzake, mdomo ukaenda upande. Wenzake wakasema, "Acha mambo yako, Mgogo, tufanye kazi." Wakamwacha pale kwenye kokoto wakidhani anakufa kama kawaida yake! Walipomaliza kufunga boliti za taruma la pili ndipo wakaona hajaamka.

Tulimpakia kwenye kiberenge cha reli mpaka Kaliua, pale tukangoja treni ya Tabora. Mimi nilijitolea kwenda naye. Watu wakanisifu: kijana ana moyo! Nilimbeba mgongoni kumpandisha kwenye behewa, na mkono wake mzima ulikuwa umenizunguka shingoni, legelege, haukubani hata kidogo. Mpagazi kweli. Nilifikiri atasema neno hilo. Maneno yalikuwa yamemwisha.

Hospitalini Tabora alitupokea daktari kijana, mpole. Akampima, akamvuta ile kope, akamwinua mkono ukaanguka. Kisha akatugeukia, mimi na Mama Ester.

"Jicho limelegea upande huu, mwili umekufa upande ule," akasema. "Nashuku shingo. Mshipa mkubwa wa damu una kitambaa laini kwa ndani, kama bitana ya koti. Bitana ikichanika, mtu anaweza kutembea siku mbili, siku tatu, anacheka, anafanya kazi. Kumbe damu inaganda pale penye mchaniko. Kipande kikiondoka kinapanda kichwani, kinaziba. Sasa niambieni ukweli. Alianguka? Aligongwa? Kuna mtu alimkaba?"

Mama Ester alikuwa ameshika beseni. Ile kabari ya Jumamosi aliiona, lakini kwake ulikuwa mchezo tu; akanitazama mimi, maana mimi ndiye niliyesoma.

Masima alikuwa anatazama pia, kwa jicho moja zima na moja la nusu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mkono wangu. Akaunyanyua kidogo. Akanipiga. Mara moja. Mara ya pili.

Makofi mawili.

Alitaka kusema nini? Kwamba nimwachie daktari habari? Au kwamba niyaache mambo, nisijiharibie? Nimejiuliza mpaka akili imechakaa. Lakini sheria niliijua: ukipigwa makofi mawili unaachia. Mimi nikakaza tena.

"Hapana, daktari," nikasema. "Hakuna kitu kama hicho."

Labda ukweli ungemsaidia. Labda usingesaidia, daktari mwenyewe alisema dawa ya jambo lile ni ngumu. Hiyo labda ndiyo inayonitafuna. Mtu aliyesema ukweli hana labda.

Siku zile Mama Ester alikaa nami mtaa wa Cheyo, palepale Tabora, kwa shangazi yangu. Asubuhi tunapika uji pamoja, tunaupeleka wodini, kikombe nakishika mimi. Alikuwa akiniombea dua mbele ya shangazi. "Mungu akuweke, mwanangu. Watani wengi wanajua kucheka tu, wewe unajua na kulia." Nilikuwa nalia kweli! Uso wangu huu!

Siku ya sita akafariki. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tukamrudisha kijijini. Na hapa, wasomaji, naomba mnivumilie, maana hapa ndipo panaponitoa usingizini. Mgogo akifariki kwetu, watani wake ni nani? Ni sisi Wanyamwezi. Wakanisukuma mbele. "Wewe ndiye mtani wake hasa! Lala! Mwige! Ufe kama yeye!"

Nikalala kando ya kaburi lake. Udongo ulikuwa bado na unyevu mgongoni. Nikageuza macho, nikatoa ulimi, nikatetemesha miguu. Miguu nilijua kuitetemesha sawasawa, maana niliiona ile ya kweli. Kisha mmoja akacheka, kisha wote, na Mama Ester akacheka huku machozi yanamtiririka, akaleta kuku, tetea mweusi, akaniwekea kifuani ili niamke.

Nikaamka. Nikampokea kuku yule. Nilimpokea! Amekaa kwetu tangu siku ile, anataga kila asubuhi, wadogo zangu wanakula mayai. Mimi sijawahi kuonja hata moja.

Baada ya maziko watu walitafuta sababu, kama watu wanavyofanya. Wakaipata haraka. "Amecheza sana na kaburi. Kaburi limemwita." Kila mtu akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, alizidi. Nami nikatikisa kichwa. Kosa langu nikambebesha maiti, tena kwa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Mwezi uliofuata alifariki bibi mmoja jirani yetu. Hakuna mtani aliyethubutu kujilaza. Wafiwa walikaa barazani, macho makavu, chakula kikapoa mbele yao mpaka kuku wakaanza kukidonoa. Nikajua kwamba sikumuua mtu mmoja tu.

Kisha barua ikaja. Mgambo fulani bin fulani, nafasi ya kwanza, aripoti kituo cha polisi Tabora kwa usaili. Sajini mwenyewe aliniletea, maana wenzangu hawakumwambia habari ya kabari ile. Alinishika mkono, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Wewe una nidhamu," akaniambia. Una nidhamu!

Juzi nilimkamata yule tetea, nikaenda kwa Mama Ester. Alikuwa uani anamenya karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umemrudisha kuku? Anaumwa?"

"Haumwi."

Nikamwambia. Nilianza katikati, nikarudi mwanzo, nikachanganya. Yeye aliendelea kumenya karanga. Nilipofika penye makofi, vidole vyake vikasimama.

"Mawili?"

"Mawili, mama."

"Uliyasikia?"

"Niliyasikia."

Karanga moja ikamdondoka, tetea akaidonoa.

"Mimi nilimfunika kanga," akasema polepole. "Nilicheka, nikamfunika kanga usoni, mume wangu anatafuta pumzi. Hujui kwamba tangu afe nalala najiuliza kwa nini alirudi nyumbani amelowa? Nilimuuliza. Akasema alimwagikiwa na wanzuki. Na daktari alipouliza, mimi nilikutazama wewe. Ungeniambia hata kwa jicho."

Hapo nikasema neno la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kusema. Nilikuwa natafuta pa kushika.

"Yeye alinisamehe, mama. Alisema mtani hamshitaki mtani."

Akaweka ungo chini. Akanitazama, na sikuwahi kutazamwa hivyo.

"Alisema kweli," akajibu. "Yeye alikuwa Mgogo. Mimi ni Mnyamwezi kama wewe. Mimi na wewe hatuna utani."

Akasimama, akajifunga kanga kiunoni. Ilikuwa ileile.

"Utakwenda mwenyewe au nikupeleke?"

"Nitakwenda mwenyewe, mama."

"Nenda. Kuku mwache."

Naandika haya Cheyo, kwa shangazi. Nimemwambia naye, ameingia ndani hajatoka. Kaptula ya kaki iko chini ya godoro, ina mstari mzuri sana, na kesho sitaivaa. Nitavaa suruali ya shambani. Barua ya usaili inasema niripoti kituoni saa mbili asubuhi. Nitaripoti saa mbili asubuhi. Mlango ni uleule niliouota miaka yote, meza ileile ya mapokezi. Nitamwonyesha afande barua ajue jina langu, kisha nitamwomba achukue karatasi nyingine, aandike maelezo.

Nanyi vijana wenzangu wa mgambo, mnaoringa na kabari vilabuni na minadani, nisikilizeni mimi ambaye sina tena cha kuringia. Shingo ya mtu haina utani. Anaweza kuamka, akacheka, akafanya kazi siku tatu, na bado umeshamuua Jumamosi. Mliyemkaba akalegea, mpelekeni kwa mganga hata akikataa, semeni mlichofanya hata kama jina lenu litafutwa. Jina langu halikufutwa. Ningependa sana lingefutwa.

Na ukipigwa makofi mawili mkononi, achia, ndugu yangu. Achia wakati watu bado wanacheka.